Tumbo Dogo, Sufuria Ile Ile

Katika toleo lililopita ulimi uliniteleza nikasema kwamba mimi mwenyewe nilifanyiwa upasuaji wa kupunguza tumbo, huu ukiwa mwaka wa nane. Sikujua nafungua mlango gani. Barua zilizofuata zimezidi zile za mwaka mzima za maswali ya mapishi, kwa hiyo mara hii mapishi yatasubiri, nijibu baadhi ya barua hizo.

Mnijue kwanza, mjue mnamsikiliza nani. Mimi ni mpishi. Nimesimama mbele ya sufuria za kulisha watu wengi kwa miaka ishirini na sita. Siku naingia chumba cha upasuaji nilikuwa na kilo 131. Nilifanyiwa ule unaoitwa baipasi: mfuko wa chakula unagawanywa, kinabaki kijifuko cha juu cha kubeba kama mililita 30, yaani vijiko viwili vya mezani, kisha utumbo unapandishwa na kuunganishwa nacho. Wengi wenu mmefanyiwa ule mwingine, ambao asilimia 75 hadi 80 ya mfuko hukatwa na kutolewa, ukabaki mrija mwembamba umbo la ndizi. Mengi yanafanana, pale yanapoachana nitasema. Dozi na vipimo vyako ni vya daktari wako. Mimi nazungumzia kijiko.

Shikamoo mama. Leo ni siku ya kumi na tisa tangu nipasuliwe, nimefanyiwa ule wa mrija. Bado niko kwenye vyakula vya kusagwa. Juzi nilishindwa kujizuia nikaokota kipande cha kuku alichoacha mwanangu, kama kidole gumba tu. Kilikwama. Kifua kilibana, mate yakanijaa mdomoni mazito kama ute wa yai, nikatapika mara tatu. Naogopa nimefungua mshono. Halafu mzani haujasogea siku ya nane leo. Nimeharibu? – Mwenye Hofu

Marahaba, mwanangu. Kwanza la haraka. Kama una homa, moyo unakwenda mbio na wewe umekaa tu, tumbo linauma sana, maumivu yanapanda hadi bega la kushoto, au hata maji hayapiti, acha kusoma hapa uende hospitali sasa hivi. Katika wiki za mwanzo hizo ndizo dalili za mshono unaovuja. Kama huna hata moja, bado wapigie simu waliokupasua leo hii, uwaambie habari ya kuku kwa ukubwa wake halisi. Hawatakufokea. Wameshasikia makubwa kuliko kidole gumba.

Kilichokupata sisi wenyewe tunakiita kukwama. Chakula kimefika pembamba, hakiendi mbele, na kinywa kinamwaga mate ili kukiteremsha. Mate nayo hayana pa kupita, yanarudi na povu. Mimi kilinipata wiki ya tisa, nimesharuhusiwa nyama. Ilikuwa siku yangu ya pili kazini. Kulikuwa na haraka, nikachomoa kipande sufuriani kwa uma, nikakitafuna mara nne kama nilivyotafuna maisha yangu yote, nikameza huku namwelekeza kijana wa vitunguu. Dakika mbili baadaye nilikuwa stoo, nimeinamia ndoo ya maganda ya viazi, mate yananing'inia kidevuni, na kijana wa vitunguu yuko nje ya mlango anauliza kama atie chumvi. Sikuweza kumjibu. Kipande kilipotoka, kilikuwa kama punje ya haragwe.

Wanaposema vimiminika kwanza, kisha vizito vya kunywa, kisha vya kusagwa, kisha laini, na chakula cha kawaida karibu na mwezi wa pili, hawakupi adhabu. Ndani yako kuna mstari mrefu wa pini ndogo za chuma, na pande mbili zilizobanwa pale zinatafuta kushikana huku zimevimba. Ratiba hutofautiana hospitali na hospitali, hivyo usifuate ya jirani uliyelazwa naye.

Na kuku, nikwambie kama mpishi: kifua cha kuku kilichopashwa moto mara ya pili ndicho kikatili kuliko vyote. Nyuzi zake zimekauka, hata ukitafuna zinabaki kamba. Utakapofika kwenye vyakula laini, anza na samaki, mayai, maharage yaliyopondwa kwenye mchuzi wake. Mkate laini na wali vitakushangaza, kwa sababu vinaonekana vyepesi, lakini vikilowa hugandamana vikawa donge. Mimi nilikaa mwaka mzima bila mkate, si kwa amri ya mtu.

Kitu kilichonivusha wiki zile, wakishakuruhusu yai, ni hiki. Piga yai moja na vijiko vitatu vya supu ya moto kiasi, chuja, tia kwenye kikombe, funika, weka kwenye sufuria yenye maji yanayochemka polepole kabisa. Maji yakichemka kwa fujo yai litatoboka vijishimo na kuwa gumu. Likiwa tayari linatikisika kama maziwa yaliyoganda. Kikombe hicho nilikila kwa kijiko cha chai, dakika ishirini na tano, na nilikuwa nabakiza.

Mzani sasa. Karibu kila mtu anasimama katika wiki ya tatu hivi. Kilo za mwanzo zinazoshuka kwa kishindo nyingi ni maji: mwili unatumia wanga uliowekwa akiba kwenye ini na misuli, na wanga ule umeshikana na maji mara tatu ya uzito wake. Akiba ikiisha, maji yamekwenda nayo, kisha mwili unajipanga upya na mzani unanuna. Hujaharibu chochote. Panda mara moja kwa wiki, siku ileile, halafu mpe mtu mzani autie uvunguni kwake.

Dada, nina miezi saba na nimeshusha kilo 38. Kila mtu ananisifu. Hakuna anayejua kwamba mimi sijashiba hata siku moja tangu nitoke hospitali. Tumbo limejaa, najua limejaa, linauma nikizidisha. Lakini mimi sijashiba. Usiku, wakishalala, nakaa sebuleni na pakiti ya biskuti. Moja moja. Inaisha, na haiumi. Mbona samaki vijiko sita vinanilemea na biskuti pakiti nzima haziumi? – Mimi Sijashiba

Kaka, barua yako nimeisoma mara nyingi kuliko zote, kwa hiyo nivumilie nikirefusha.

Nianze na biskuti kwa sababu ndiyo rahisi. Kile kijifuko au mrija ni mlango unaozuia chakula kigumu. Samaki anafika, anakaa, anapita kidogo kidogo, nawe unahisi uzito. Biskuti ikikutana na mate inakuwa uji kabla haijafika. Inateleza. Aiskrimu inateleza, chokoleti inateleza, bisi za chumvi na vyote vinavyoyeyuka mdomoni. Daktari mpasuaji amekata nyama. Hawezi kukata mteremko. Kunywa wakati wa kula nako ni njia ileile ya mkato: maji yanakisukuma chakula nje ya mfuko na nafasi inapatikana tena. Ndiyo maana unaambiwa kunywa ukomeshe unapoanza kula, na usubiri nusu saa baada ya kumaliza. Wengi hulichukulia kama ushirikina wa wauguzi. Silo. Lita moja na nusu ya siku nzima inapatikana kwa kunywa kidogo kidogo katikati ya milo, si juu yake.

Kwa hiyo sahani yako ianze na kigumu chenye protini, kila mara, hata kama roho inataka kingine. Wengi wetu hupangiwa gramu 60 hadi 80 za protini kwa siku. Yai moja lina kama 6. Kuku aliyeiva gramu 100 ana karibu 30, lakini gramu 100 kwako sasa ni mlo mzima na kupita. Piga hesabu uone kama zile biskuti zina nafasi. Mimi nilipoipiga nilicheka: nilikuwa najaza gari mizigo isiyo yangu.

Sasa la kushiba. Mwaka 1999 wataalamu wa Japani waligundua homoni inayoamsha njaa, wakaiita grelini. Sehemu kubwa hutengenezwa kwenye mfuko wa chakula, hasa upande ule wa juu ambao kwenye upasuaji wa mrija hutolewa kabisa. Ndiyo maana miezi ya kwanza watu wengi husahau kula. Nami nilisahau. Nilipita jikoni kama mtu anayepita duka la vipuri vya gari asilo nalo. Ila, kaka, kuna njaa ambayo haikukaa kwenye mfuko wa chakula, na ile haikuwekwa kwenye beseni la daktari.

Mwezi wa tano niliamua kuhesabu. Nilichora mstari kwenye karatasi iliyobandikwa juu ya sinki kila nilipoonja. Kuanzia saa mbili asubuhi hadi saa saba mchana nilionja mara 41. Mchuzi hauhitaji kuonjwa mara 41. Mchuzi unahitaji kuonjwa mara tatu, na ya tatu ni wasiwasi tu. Nilionja simu ilipolia, na bosi aliponidai maelezo. Nilionja nilipochoka magoti, na nilipofurahi pia. Kijiko kilikuwa kinajibu kila kitu. Tangu hapo nina kijiko cha kuonjea kidogo kama cha kulishia mtoto mchanga, naonja kwa ncha ya ulimi na kutema, na chumvi nimemwachia kijana wa vitunguu, ambaye kusema kweli ana ulimi mzuri kuliko wangu. Mpishi anayetema. Wiki ya kwanza niliona aibu kama niliyeiba.

Wewe chora mistari yako. Usijizuie kwanza, chora tu: biskuti ya ngapi, saa ngapi, na nini kilitokea dakika kumi kabla. Nadhani utakuta si njaa inayokuweka sebuleni bali ile saa moja ambayo hakuna anayekutaka kitu. Kama ndiyo hiyo, saa hiyo itetee, lakini bila pakiti. Ukishindwa kabisa, weka mbili kwenye kisahani na pakiti uirudishe jikoni kabla hujakaa. Safari ya kurudi jikoni imewahi kuniokoa mara nyingi kwa uvivu tu. Na ikiwa mistari itaonyesha huzuni kila usiku, muombe daktari akuunganishe na mshauri nasaha. Watu wengi waliopasuliwa huomboleza chakula, kwa machozi kabisa. Mimi nililia kwa ajili ya sahani ya viazi vya kukaanga, nimesimama nimeishika, nina miaka arobaini na minne.

Kuna jambo moja nililolijua nimechelewa, na nalitaka ulipate mapema. Kushiba kwa zamani, kule kujaa na kulegeza mkanda, hakutarudi, na ukikusubiri utakula hadi uumie. Kushiba kwa sasa ni kitu kidogo, kinakuja kabla ya uzito, na kila mtu ana ishara yake. Kuna anayepiga chafya. Kuna anayepata kwikwi moja. Kuna anayeshusha pumzi ndefu bila kujua. Mimi ni pua: tundu la kushoto linaanza kuchuruzika, la kushoto tu. Mume wangu aliliona kabla yangu. Sasa tukiwa mezani ananiambia "pua", nami naweka kijiko chini. Kijiko kinachofuata baada ya pua ndicho kitakachoniweka kitandani nusu saa. Watazame wanaokula nawe, waulize unafanya nini kabla ya kusukuma sahani. Wanajua.

Kwa wenzangu wa baipasi niongeze, maana biskuti kwetu si mteremko tu. Sukari nyingi ikiingia kwenye utumbo ghafla, utumbo unavuta maji mwilini, nawe ndani ya nusu saa moyo unadunda, jasho jembamba, tumbo linanguruma, unatamani sakafu. Huitwa dampingi. Yangu ya kwanza ilitokana na vijiko viwili vya krimu ya keki niliyoipamba mwenyewe. Nililala kwenye vigae vya jikoni nikatazama chini ya friji, nikaona kifuniko cha chupa nilichokitafuta miezi miwili. Kuna na ile ya kuchelewa, saa moja hadi tatu baada ya kula, sukari ya damu inaposhuka mno ukatetemeka. Hiyo ikijirudia, mwambie daktari. Usiitibu kwa soda.

Mwenzangu, mimi si niliyepasuliwa, ni mke wake. Ni mwezi wa nne. Napika kama zamani, anakula vijiko vitano, anasukuma sahani. Haongei, anatazama simu hadi tumalize. Watoto nao wameanza kubakiza. Wiki iliyopita nilimwaga chakula chote nikasema sipiki tena. – Mwenye Jiko

Mwenzangu, sahani inayorudi jikoni na chakula ni tusi. Nasema hivi kwa sababu wengi watakuambia usichukulie moyoni, nao hawajawahi kupika. Miaka ishirini na sita nimesoma sahani zinazorudi kama watu wanavyosoma barua. Umeumia, una haki.

Ila sahani yake haizungumzi tena lugha ile. Vijiko vitano kwa mtu wa mwezi wa nne ni mlo. Msaidie macho: mpakulie kwenye kisahani cha kikombe, kiasi anachoweza kumaliza, ili kirudi kitupu. Utashangaa jinsi kisahani kitupu kinavyokutuliza wewe kuliko yeye. Usimuulize "mbona huli?" Muulize "kimekaaje?" Na mwambie bayana kwamba simu mezani inakuumiza kuliko sahani. Pengine anaishika kwa sababu amemaliza kula dakika kumi kabla yenu na hajui mikono aiweke wapi. Mimi nilikuwa namenya matunda ya wengine. Ilinipa kazi.

Watoto wasiingizwe kwenye mlo wa baba. Wao hawajapasuliwa, wanakua, wapakuliwe na wale kwa njaa yao, na waambiwe kwa maneno mepesi kwamba baba ana tumbo jipya dogo.

Hili la ndoa lisifichwe. Utafiti wa Uswidi uliochapishwa mwaka 2018 ulionyesha kwamba waliopasuliwa huachana na wenza wao zaidi kuliko wasiopasuliwa, na wale wasio na wenza hupata wenza zaidi. Mwili ukibadilika, nyumba nzima inahamisha samani. Mume wangu mwaka ule aliongezeka kilo sita kwa kumalizia vyangu, na tuligombana vikali, si kwa sababu ya kilo, bali kwa sababu alisema ananikumbuka yule wa zamani aliyekuwa anacheka na mdomo umejaa. Nilikasirika wiki nzima. Sasa naona alikuwa anasema kitu cha kweli. Mkae mzungumze bila sufuria katikati. Na ile kwaheri yako ya kupika, ipunguze iwe ya siku mbili, apike yeye. Mtu aliyepasuliwa akipika mwenyewe hujifunza ukubwa wa chakula upya.

Shangazi, nywele zinatoka mkononi kama za mwanasesere, ni mwezi wa nne. Na hivi vidonge ni vingi, kalsiamu ni chaki tupu. Vipimo vya mwisho vilikuwa vizuri. Naweza kuacha? – Kipara Mtarajiwa

Nywele zitarudi. Mshtuko wa upasuaji na kupungua haraka huzipeleka nyingi mapumzikoni kwa pamoja, nazo hudondoka kuanzia mwezi wa tatu hivi. Kwa wengi huanza kurudi kabla mwaka haujaisha. Hakikisha protini na madini ya chuma yako sawa, kata fupi, usinunue mafuta ya miujiza.

Vidonge, hapana, huachi. Si mwaka huu wala mwaka wa kumi. Vipimo ni vizuri kwa sababu unavimeza. Vitamini B12 ndiyo mjanja wao: kuinyonya kunahitaji asidi na protini maalumu inayotoka kwenye mfuko wa chakula ambao umepunguzwa au kupitwa, na ini lina akiba ya miaka, kwa hiyo unaweza kuacha, ukajisikia salama, ukaja kukutana na ganzi ya miguu wakati umeshasahau sababu. Kama vidonge vinakushinda, iko sindano. Kalsiamu omba ya sitreti, haihitaji asidi nyingi. Meza si zaidi ya miligramu 500 au 600 kwa mara moja, na itenge na madini ya chuma kwa saa mbili, maana zikikutana zinazuiana. Ipo ya kutafuna isiyo na ladha ya ukuta. Mimi nina kengele nne kwenye simu, na kila moja ina mlio wake. Jikoni wanazijua, wakisikia ile ya saa kumi wananiletea maji bila kuulizwa.

Ukitapika siku kadhaa mfululizo, usingoje kliniki. Taimini, yaani vitamini B1, huisha mwilini kwa wiki chache tu, na ikiisha macho huona vitu viwili, mtu hupepesuka, akili huchanganyika. Hiyo ni dharura.

Glasi moja tu ya mvinyo kwenye sherehe ina ubaya gani? Na mgongo unaniuma, nilizoea ibuprofeni. Baipasi, mwezi wa kumi. – Mwenye Haraka

Glasi moja kwako si moja tena. Inafika kwenye damu haraka na kupanda juu zaidi, hivyo usiendeshe gari hata baada ya hiyo moja. Pia imeonekana kwamba matatizo ya pombe huongezeka kuanzia mwaka wa pili baada ya baipasi, hata kwa watu ambao hawakuwa nayo. Ukiona glasi imechukua kazi ya kijiko, sema mapema. Ibuprofeni, diklofenaki na ndugu zao, acha: huchimba vidonda pale utumbo ulipounganishwa. Sigara nayo hivyohivyo. Uliza kuhusu parasetamoli, na mgongo wenyewe uangaliwe.

Shikamoo mama. Ni mwaka wa nne. Nilishuka kilo 45, zimerudi 11. Kliniki sijaenda miaka miwili, naona aibu kupanda mzani wao. Walinipa nafasi nami nimeichezea. Nguvu sina siku hizi, hata ngazi zinanishinda. – Aliyerudi Nyuma

Marahaba. Nikupe zangu. Kutoka 131 nilifika 77 mwezi wa kumi na saba, na leo asubuhi ni 85. Hizi kilo nane nazijua moja moja. Tatu ni za mwaka aliofariki mama yangu. Mbili ni za goti, miezi niliyoshindwa kutembea. Zilizobaki ni za mkate, kwa sababu siku hizi mkate unapita na mimi naujua unapita. Wengi wetu hufika chini kabisa kati ya mwaka na nusu na miwili, kisha huongezeka kidogo. Kilo 34 bado hazijakurudia.

Upasuaji wa baipasi ulifanywa mara ya kwanza mwaka 1966, na Edward Mason na Chikashi Ito wa Chuo Kikuu cha Iowa, Marekani. Tangu hapo madaktari wa kazi hii wameona kilo zikirudi kwa watu wa kila aina. Kumi na moja zako hazitamshangaza mtu. Watataka kujua unakula nini, unalalaje, unatumia dawa gani nyingine, pengine watatazama kama njia imetanuka. Siku hizi zipo pia dawa za kusaidia wanaoongezeka baada ya kupasuliwa. Lakini hakuna wanachoweza kukupa ukiwa nyumbani.

Kinachonitia wasiwasi si hizo 11. Ni ngazi. Mimi pia niliruka kliniki miaka miwili, kwa aibu hiyohiyo, nikajiambia uchovu ni umri. Nilipokwenda, muuguzi alisema "panda", nikapanda, akaandika, hakuinua hata nyusi. Damu ndiyo iliyowashtua: akiba ya madini ya chuma ilikuwa imekaribia kwisha. Nilikuwa nimepika karamu mbili katika hali hiyo, nikijilaumu kwa uvivu.

Piga simu Jumatatu asubuhi. Sema "nimepasuliwa miaka minne iliyopita, sijapimwa damu miaka miwili, nachoka", hayo tu. Ya kilo yatafuata yenyewe. Kabla ya kwenda, andika siku tatu za chakula bila kujipamba: saa, kiasi, ulikuwa wapi. Biskuti ziandikwe biskuti. Nimeanza nami, pembeni ya barua yako, tuwe wawili. Jumanne, saa kumi jioni: kipande kimoja cha mkate na siagi, stoo, nimesimama.